Mto wa shingo ndani ya SGR: uzoefu wangu wa kulala Morogoro hadi Dar

Familia yangu iko Morogoro, kazi iko Dar. Jumatatu naondoka na treni ya asubuhi, na usingizi niliouacha kitandani naumalizia kwenye kiti. Tangu SGR, yaani treni ya reli ya kisasa, ianze kubeba abiria Juni 2024 nimejaribu koti, begi, hata kilemba, na kilichonifaa kuliko vyote ni mto wa shingo.

Wangu ni wa sponji nzito, ile inayobonyea taratibu. Niliupata Kariakoo kwa shilingi 15,000. Ule wa kupuliza ni mwepesi kubeba, lakini ukijaa upepo unateleza na kusukuma kichwa mbele. Siupendekezi.

Jambo kubwa ni namna ya kuuvaa. Wengi huacha uwazi mbele, kwa hiyo treni ikipunguza mwendo kichwa kinaangukia kifuani na unaamka shingo imekaza. Geuza. Uwazi ukae kisogoni, upande mnene uje chini ya kidevu, kisha funga kifungo nyuma. Kidevu kinapata pa kutua, mdomo haufunguki, na mgongo wako unabaki umeegemea kiti vizuri.

Treni yenyewe inabembeleza. Inafika kilomita 160 kwa saa, lakini ukifumba macho huisikii kasi hiyo, wala hakuna matuta ya Chalinze na Mlandizi yanayokuamsha kwenye basi kila ukianza kuzama. Safari ni chini ya saa mbili, ndiyo maana napenda treni ya haraka. Ya kawaida inasimama Ngerengere, Ruvu, Soga na Pugu, na kila kituo kina tangazo lake, mizigo yake na watu wa kupishana.

Kaa dirishani, ila usiegemee kioo. Mtetemo wake unaingia hadi kwenye meno. Kiyoyozi nacho ni kikali, hivyo beba kanga au kikoi ujifunike mabega.

Kasoro za mto: mchana unatia joto shingoni, na zipu ya foronya yake iliachia mapema baada ya kufuliwa. Nimeishona kwa uzi, na bado nautumia.

Mnaoshuka Pugu, tegesheni kengele ya simu mapema. Treni haikai pale muda mrefu.