Stellarium, rongorongo na yule jamaa wa grupu yetu

Jibu fupi kwanza kwa wenye haraka: Stellarium ni programu ya kompyuta ya bure kabisa, inakuonyesha anga ya mahali popote na siku yoyote unayotaka, na kwa hiyo kazi naipa nne na nusu kwa tano. Lakini mimi sikuidaunlodi ndio nijue Zuhura iko wapi jioni. Kwa grupu yetu kuna jamaa haachi kutuma mafaili, ati rongorongo, yale maandishi ya kale yasiyosomeka hadi leo, imeshafunguka, ati kila alama ni nyota fulani ikichomoza alfajiri, na ukimuuliza ushahidi anakutumia picha ya skrini kutoka hiyo hiyo Stellarium. Nikasema wacha nijionee mwenyewe.

Kwa wenye hawajui, rongorongo ni alama zilizochongwa kwa mbao huko Rapa Nui, kile Kisiwa cha Pasaka chenye masanamu makubwa, kiko chini ya serikali ya Chile lakini katikati ya Pasifiki kabisa. Utaona watu, ndege, samaki, mimea, mwezi mwembamba. Unaanza mstari wa chini kushoto, ukifika mwisho unageuza ubao juu chini ndio uendelee na unaofuata. Mmisionari Eugène Eyraud aliandika 1864 ati nyumba za huko zilikuwa nazo, na miaka michache tu baadaye hakukuwa na mtu wa kuzisoma, maana 1862 meli za kutoka Peru zilikuja zikateka watu kwa mamia wakafanywe watumwa, wajuzi wakiwemo, wachache waliorudishwa wakarudi na ndui, ikamaliza waliobaki. Leo zimebaki mbao kama ishirini na kitu hivi, ziko Roma, Santiago, Berlin, London, hakuna hata moja iliyobaki kisiwani. Hiyo sehemu huwa inaniuma kila nikiisoma.

Sasa programu. Unabonyeza F6 unaweka mahali, nyuzi 27 kusini na 109 magharibi, alafu F5 unaweka tarehe na saa. Ukishafika hapo, bonyeza alama ya = na siku inaruka moja mbele, na hapa ndio utamu wenyewe uko, kwa sababu unaona kwa macho kile ambacho kwa maelezo huwa hakiingii: kila siku nyota inachomoza mapema kwa dakika kama nne, kwa hivyo kuna kipindi inapotelea kwa mwanga wa jua haionekani kabisa, alafu alfajiri moja inatokea tena chini kule mashariki kabla kupambazuke. Nikaiwekea Kilimia, lile kundi dogo la nyota, ambacho Wapolinesia wanakiita Matariki, nikakiona kinarudi mwezi wa sita. Wazee wa pwani yetu walikuwa na hesabu kama hiyo, si tunasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwa hivyo wazo kwamba watu wa Rapa Nui walifuata nyota silipingi hata kidogo, mabaharia waliovuka Pasifiki hiyo yote bila dira lazima walikuwa wanajua anga. Swali ni kama hayo ndiyo yameandikwa kwa mbao.

Na hapo ndio lazima ujue hii programu inafanya nini na haifanyi nini. Inakubaliana na kila mtu. Nyota za kuonekana kwa macho ni elfu kadhaa, ongeza sayari, ongeza mwezi, alafu jiruhusu kusema nyota "inachomoza" au "iko utosini" au "inazama", utakosa vipi kupata kitu cha kulingana na alama ya ndege tarehe yoyote ile? Ni kama mganga anayekuambia kuna mtu wa karibu anakuonea wivu. Hakosei, lakini pia hajakuambia kitu.

Linganisha na ubao wa Mamari, ule ulioko Roma. Thomas Barthel, Mjerumani aliyepanga alama zote kwa orodha akachapisha 1958, aliona kuna sehemu yenye alama za mwezi zinazojirudia kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe unaenda sambamba na majina ya usiku wa mwezi ambayo wenyeji walikuwa wameyataja wenyewe. Ushahidi ulianzia kwa ubao, ndio anga ikafuata. Wataalamu wengi wanakubali hiyo ni kalenda ya mwezi, na hata hivo hakuna anayeweza kuisoma neno kwa neno. Jamaa yetu anaanza na anga alafu anatafuta ubao wa kuivalisha.

Kitu kingine kinachoua nadharia zake ni tarehe. Stellarium ukirudi nyuma ya Oktoba 1582 inabadilisha kalenda yenyewe, inaenda ile ya zamani ya Julius Kaisari, kwa hivyo ukiandika mwaka 1500 bila kujua hivyo uko nje kwa siku kama kumi. Hii si kasoro ya programu, ni wewe kutosoma maelezo, lakini kwa mchezo wa "alama moja siku moja" siku kumi zinavuruga kila kitu.

Ile nusu niliyokata ni ya upeo wa macho. Mandhari inayokuja nayo ni ya Guéreins huko Ufaransa, hakuna milima ya Rapa Nui kama Rano Kau wala Terevaka, na saa ya kuchomoza inayokuandikia ni ya hesabu, wakati macho ya mtu huwa yanasubiri nyota ipande kidogo itoke kwa ukungu. Tena usidhani utajifundisha hayo macho ukiwa hapa. Nairobi tuko karibu na ikweta, nyota zinapanda karibu wima, kule zinapanda kwa mshazari, na mwezi wa saba si unajua vile mawingu hukaa wiki nzima, usisahau na taa za mji. Anayetaka giza la kweli ashuke barabara ya Magadi.

Kama laptopu yako imezeeka anza na ile ya kwa brauza, haina mambo yote lakini inatosha kufuata Kilimia. Ya simu nayo ipo, ina sehemu ya kulipia, sikuona haja. Na jamaa nimemwambia atuandikie kwanza alama kumi zinazofuata zitakuwa nyota gani, kabla afungue programu. Amenitumia Sirius, nyota moja tu, ile inayong'aa kuliko zote usiku.