Dawa za kutoa mikwaruzo kwenye akriliki: ipi inatoa, ipi inaficha

Kifuniko cha mashine yangu ya kupigia santuri ni cha akriliki, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, na kwa miaka nilikuwa nakipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. Kosa ni langu, nalikiri. Kikajaa vimikwaruzo vya mviringo, ukikielekeza kwenye taa unaona utando mzima wa buibui. Nikanunua tyubu ya dawa iliyosifiwa kila kona, nikapaka, nikasugua dakika kumi, kikang'aa hadi nikajiona sura. Nikampigia dada yangu simu nijigambe. Siku nne baadaye nikakiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikakiacha kikauke, na buibui wangu alikuwa amerudi nyumbani kwake, mzima wa afya.

Tangu hapo swali langu kwa kila dawa ni moja tu: inakwangua au inajaza?

Mkwaruzo ni mfereji mdogo. Unauona kwa sababu mwanga hupinda ukitoka hewani kuingia kwenye akriliki, na kingo za mfereji huutawanya. Kipimo cha kupinda huko ni 1.00 kwa hewa, 1.33 kwa maji na 1.49 kwa akriliki. Mfereji ukijaa maji, tofauti inapungua na mkwaruzo unafifia. Chovya kidole majini, kipitishe juu ya mkwaruzo mwepesi, utauona unazama mbele ya macho yako. Maji yakikauka unaibuka. Mafuta ya silikoni yako karibu na 1.40, kwa hiyo yanadanganya vizuri kuliko maji, tena hayakauki upesi. Dawa kadhaa zinazoitwa za kutoa mikwaruzo zina silikoni au nta, na hiyo ndiyo inayokung'alia siku ya kwanza. Ndiyo maana kwenye video za wauzaji huoni mtu akirudi na sabuni. Wanapangusa, wanainua juu kwenye taa, video imekwisha.

Basi kipimo changu ni hiki: paka, sugua, osha kwa sabuni, kausha, kisha angalia kwa mwanga wa ubavuni. Kilichobaki hapo ndicho ulichokilipia.

Kabla ya kununua chochote, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, hakuna dawa ya majimaji itakayouondoa, unahitaji msasa. Na hakikisha ni akriliki kweli. Vioo vya helmeti na lenzi nyingi za miwani ni polikaboneti, plastiki ya aina nyingine, mara nyingi zikiwa na utando mgumu juu. Ukianza kuzisugua unaondoa utando na kubaki na madoa.

Namba moja kwangu ni Novus, na sijifichi, nina upendeleo. Inakuja chupa tatu. Namba 3 ni ya mikwaruzo mikubwa kidogo, namba 2 ya midogo, namba 1 ya kusafisha na kupunguza vumbi. Namba 2 ndiyo moyo wa mambo. Ina chembe laini zinazokwangua, na ukiisugua unaihisi chini ya kitambaa: mwanzo inateleza, halafu inaanza kushika, inakauka na kuwa unga mweupe. Ule unga ndio dalili kwamba kazi imefanyika. Kifuniko changu kilipita kwenye kipimo cha sabuni baada ya mizunguko mitatu ya namba 2. Namba 3 naisugua kwa kukatisha mkwaruzo, mbele na nyuma, nayo huacha ukungu wake ambao lazima uutoe kwa namba 2. Watu wanapaka 3, wanaona ukungu, wanalalamika dawa imewaharibia. Hamjamaliza kazi, jamani! Lakini nina kinyongo kimoja na wauzaji: namba 1 inauzwa peke yake kwa mbwembwe kana kwamba inatoa mikwaruzo. Haitoi. Ni ya kumalizia. Mtu anabeba chupa hiyo pekee kwa sababu ndiyo ya bei ndogo, kisha ananiandikia mimi kunilaumu.

Namba mbili ni Micro-Mesh, ile misasa yenye mgongo wa kitambaa, kuanzia daraja la 1500 hadi 12000, namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi. Kwa mkwaruzo unaonasa ukucha, hii inaipita Novus. Misasa ya aina hii hutumika hata kurekebisha madirisha ya ndege, ambayo ni ya akriliki. Unatumia na maji, kila daraja unabadilisha mwelekeo, ukisugua hivi kwanza kisha vile, ili uone kama alama za daraja lililopita zimekwisha. Ukiruka daraja moja utaligundua ukifika 8000, na itabidi urudi nyuma ukitukana. Mimi nimetukana. Pia usisugue mahali pamoja tu. Utachimba kidimbwi, na kila kitu nyuma yake kitaonekana kimepinda. Kwa tangi la samaki ndiyo chaguo la pekee ninalolikubali, kwa sababu hakuna kemikali inayobaki. Ila mikwaruzo myepesi ya upande wa ndani iache tu, maji yenyewe yanaificha, na hapo udanganyifu ni halali.

Namba tatu, Polywatch, kwa kioo cha akriliki cha saa na si zaidi. Tyubu yenyewe ni ndogo kama kidole. Kwa kifuniko kama changu utamaliza kadhaa. Kwa saa, hata hivyo, inakwangua kweli.

PlastX ya Meguiar's naiweka ya nne. Ni nzuri kwa taa za gari zilizofifia, ambazo kwa kawaida ni polikaboneti. Kwenye akriliki yenye mikwaruzo halisi inachelewa.

Dawa ya meno: ya mwisho. Inakwangua, ndiyo, lakini hujui ukubwa wa chembe zake.

Na usiguse akriliki kwa asetoni, spiriti au kisafishio cha madirisha chenye amonia. Vinaweza kuleta nyufa ndogondogo ndani ya plastiki, na hizo hakuna chupa inayozitoa. Ukitumia drili yenye sponji, iende polepole. Akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 105 za Selsiasi, na msuguano hufika huko upesi kuliko unavyodhani.

Kinachoniudhi hadi leo ni lebo. Nimezisoma kwa kioo cha kukuzia: "hurudisha mng'ao", "kama mpya", "matokeo ya papo hapo". Sijaona hata moja iliyoandika kwa herufi zinazosomeka kwamba ndani mna kijazo kitakachotoka kwa sabuni. Niliporudi kwa muuzaji wa ile tyubu yangu ya kwanza akaniambia nisingekiosha. Kifuniko cha vumbi, nisikioshe! Tyubu ipo bado, imejaa nusu. Naipaka kwenye fremu ya picha ambayo hakuna anayeipangusa.