Uzoefu wangu na mawakili wa madai ya ulemavu (SSDI) hapa Marekani

Nyota nne kati ya tano. Ofisi yenyewe sitaitaja, kwa sababu nina ya kuwasifu na nina ya kuwasema.

Naandikia hasa Waafrika Mashariki wenzangu tunaofanya kazi kwenye nasinga homu, nyumba za kutunzia wazee, maana migongo yetu huisha kabla ya mkopo wa nyumba kuisha. Ukitaja SSDI, yaani malipo ya ulemavu ya Social Security, shirika la serikali, wengi hudhani ni pesa ya msaada na wanaona aibu kuomba. Angalia karatasi yako ya mshahara, pale palipoandikwa FICA, yaani makato ya Social Security. Hiyo ni bima, na umekuwa ukikatwa miaka yote.

Mimi ni Mkenya, niko Minnesota, nina miaka 53. Nimekuwa CNA (msaidizi wa wauguzi) muda mrefu, zaidi shifti za usiku: kuwageuza wazee kitandani, kuwatoa kwenye kiti kuwapeleka chooni, kuwarudisha. Mfereji wa uti wa mgongo ukabana, mishipa ikakandamizwa, na mguu wa kushoto ukawa unakufa ganzi kila nikisimama. Nilipoacha kazi niliomba SSDI mwenyewe kwenye intaneti. Baada ya miezi kadhaa ikaja barua ya kukataliwa, jambo la kawaida kabisa, kwani maombi mengi hukataliwa mara ya kwanza. Cha kuangalia kwenye barua hiyo ni siku 60 za kukata rufaa. Zikipita bila sababu ya maana, unaanza upya.

Namba ya mawakili nilipewa na dada mmoja wa kanisani. Kufungua faili sikutoa hata senti. Mkataba ulisema hivi: wakishinda, wanachukua robo ya malimbikizo yangu, yaani malipo ya miezi ya nyuma, na haiwezi kuzidi kiwango cha serikali, ambacho kilipanda kutoka dola 7,200 hadi 9,200 tarehe 30 Novemba 2024. Wakishindwa, hawana ada. Anayeikata ada hiyo ni Social Security yenyewe, inamlipa wakili moja kwa moja kabla hela hazijakufikia. Nalisisitiza hili kwa sababu wako watu, hata miongoni mwetu, wanaodai mia tano taslimu kwanza ndipo "wakusaidie na disability." Anayekuwakilisha haruhusiwi kukutoza ada ambayo Social Security haijaidhinisha. Mtu wa namna hiyo mkimbie.

Hatua ya kwanza ya rufaa ni faili kuangaliwa upya na mtu mwingine. Hapo ndipo unapoletewa tena ile fomu ndefu ya maisha ya kila siku. Unaoga vipi, unafua, unaenda dukani, unapika? Msaidizi wa wakili, binti mdogo tu lakini ana subira ya nyanya, alinishika kwenye simu karibu mchana mzima. Swali la kupika halitaki ndiyo au hapana, akasema. Unapika nini? Umesimama au umekaa? Nani ananyanyua sufuria? Basi tukaandika kwamba wali napika nikiwa nimekaa kwenye stuli, na ugali husongwa na binti yangu, kwa sababu kusonga kunataka usimame imara na uegemeze nguvu zote kwenye mwiko, na mimi nikifika katikati mguu unaniacha.

Tulikataliwa tena. Ofisi ya mawakili haikushtuka, na wakaniambia nisishtuke. Hatua inayofuata ni jaji, na huko ndiko wanakofanyia kazi yao hasa.

Kitu kilichonifanya nione hela yao ni halali ni maelezo ya kama dakika kumi ambayo sikuwahi kuyapata kwa mtu mwingine yeyote. Social Security ina jedwali linalochanganya umri, elimu, kazi uliyofanya na nguvu zilizobaki. Ukishatimiza miaka 50, mambo yanabadilika. Kwa mtu kama mimi, wakikubali kwamba ninaweza kazi ya kukaa tu, yaani kunyanyua si zaidi ya pauni 10 na kusimama jumla ya kama saa 2 kwa siku, na ujuzi wangu wa CNA hauhamishiki kwenye kazi ya dawati, jedwali linasema nina ulemavu. Wakisema ninaweza kazi nyepesi, pauni 20 na kusimama kama saa 6, jedwali linasema sina. Maumivu ni yale yale, mgongo ni ule ule. Kesi yangu nzima ilikuwa ni saa za kusimama.

Kuanzia hapo kila walichokifanya kililenga hilo. Picha ya MRI ilionyesha mfereji umebana, lakini MRI haisemi mtu anaweza kusimama dakika ngapi. Kwa hiyo walimtumia daktari wangu fomu ya maswali ya wazi: asimame kwa muda gani, akae kwa muda gani, abebe uzito gani, atakosa kazi siku ngapi kwa mwezi. Walikuwa wameona pia kwamba kwenye rekodi za kliniki ziara baada ya ziara imeandikwa "mgonjwa anaendelea vizuri," na bila shaka jaji angeiona. Sisi daktari akikuuliza hali unajibu njema, tunashukuru Mungu, halafu ndiyo unaeleza shida. Yeye ameshaandika. Ile fomu ilisaidia kuweka sawa jambo hilo.

Kusikilizwa kulifanyika kwa simu. Walikuwepo jaji, wakili wangu, mimi niliyeapishwa, na mtaalamu wa ajira anayeitwa na Social Security kusema ni kazi gani zipo nchini. Jaji aliniuliza kuhusu ugali. Nilimweleza unga, maji yanayochemka, mwiko, na muda wa kusonga. Akauliza, "Na hiyo yote unafanya umesimama?" Nikamjibu, ukikaa hautaiva vizuri, utabaki na madonge. Nilimsikia akiandika.

Kisha akamgeukia mtaalamu: tuchukulie mtu wa umri huu, elimu ya sekondari, anayeweza kazi nyepesi. Mtaalamu akataja kazi kadhaa bila kusita, na moyo wangu ukaenda mbio. Wakili alipopewa nafasi aliuliza maswali machache tu. Kama mtu huyo hawezi kusimama zaidi ya saa 2 kwa siku nzima? Basi hizo kazi hazifai, abaki na za kukaa. Kuna ujuzi wa CNA unaohamia kwenye kazi hizo za kukaa? Hakuna. Na kama atakosa kazi siku mbili au zaidi kila mwezi? Hakuna mwajiri atakayemvumilia. Basi, akashukuru, akanyamaza. Mimi peke yangu nisingejua kama maswali hayo yanaruhusiwa kuulizwa.

Mimi nilizungumza Kiingereza, lakini jirani yangu kutoka Bukavu alipewa mkalimani. Social Security hutoa mkalimani bure. Omba mapema, na usimtumie mtoto wako kutafsiri habari za mwili wako.

Uamuzi ulikuja kwa posta: nimekubaliwa. Malimbikizo hayahesabu miezi mitano ya kwanza ya ulemavu, hiyo ni sheria. Medicare nayo, bima ya afya ya serikali, husubiri miezi 24 tangu haki ya malipo ianze, kwa hiyo panga bima nyingine ya kukuvusha.

Nyota niliyowanyima ni ya mawasiliano. Ukipiga simu unapokelewa na mtu wa mezani asiyejua faili lako, na wanaoshughulikia faili wanabadilika bila kukuambia. Wakili mwenyewe sikuzungumza naye moja kwa moja hadi siku chache kabla ya jaji. Halafu, juu ya ada, ikaja bili ya kunakili rekodi za hospitali. Ilikuwemo kwenye mkataba, kwa maandishi madogo, na haikuwa kubwa, lakini wangeitaja kwa mdomo. Wenye kipato cha chini kabisa wajaribu kwanza ofisi za legal aid, ambako msaada ni bure, ingawa hawachukui kila kesi.

Kabla ya kusaini mkataba na yeyote, uliza jaji akikataa itakuwaje. Kuna Baraza la Rufaa, kisha mahakama ya shirikisho, na mkataba wangu ulikuwa unaishia kwa jaji.