CD ya PS4 ya kununua kwanza ukiwa Dom: Mafia III imeonewa

Wadau wa Dodoma mnaosubiri mshahara au boom la chuo liingie muende kutafuta CD ya mtumba ya PS4, huu mpangilio ni wenu. Naongelea gemu za stori ambazo ni muendelezo tu, mpira siuhesabu, mambo ya FIFA kila mtu anayajua.

Kilichonifanya niandike ni dogo mmoja niliyemkuta kwa muuzaji mjini, upande wa Jamatini. Dogo ana noti zake za elfu mbili mbili kazikunja kwenye kiganja, kashika Mafia III, anaigeuza mbele nyuma, alafu akatoa simu, akasoma uchambuzi mmoja wa Kizungu, akaona alama, akairudisha kwenye shelfu kama imemuunguza. Akaondoka na gemu ya magari ambayo nina uhakika wiki haiishi kaichoka. Mi nikaichukua ileile kwa elfu 20, muuzaji hata hakubishana, ilishamgandia muda mrefu.

Kwahiyo namba moja ni Mafia III, mcheke mnavyotaka.

Ilitoka Oktoba 2016, imetengenezwa na Hangar 13. Mji unaitwa New Bordeaux, wameuchora kwa kuangalia New Orleans ya Marekani, mwaka 1968. Unamchezesha Lincoln Clay, jamaa mweusi karudi kutoka vita ya Vietnam, watu wake wanauliwa na mzee wa kimafia anaitwa Sal Marcano, basi anaanza kumnyang'anya mji mtaa kwa mtaa. Nyumbani kwetu kisasi cha namna hii kinaeleweka bila hata tafsiri.

Huo uchambuzi niliurudia mara mbili nyumbani. Lawama kubwa ni kwamba gemu inajirudia. Sikatai bana, ni kweli, kila mtaa unambana mtoa habari, unaharibu mali, unaua vibaraka, bosi anatokea, unammaliza, unahamia mtaa mwingine. Na hakuna njia ya kuruka kwenye ramani, mji mzima unaukata kwa gari. Ila mchambuzi yeye ana siku chache aimalize, aandike, ahamie nyingine, mtu wa hivyo akifika mtaa wa sita lazima achoke, hata pilau ukila asubuhi mchana jioni utalichukia. Mi nacheza Jumamosi usiku masaa mawili, umeme ukikubali, mtaa mmoja kwa wiki, na sijawahi kuona inajirudia kiasi cha kukera. Kosa la ratiba yake kampa Lincoln alibebe.

Kinachoniuma zaidi ni alichokiacha mchambuzi. Ukifanya fujo Delray Hollow, mtaa wa watu weusi masikini, polisi wanajivuta, unaweza ukamaliza shughuli yako ukapanda gari ukaondoka taratibu. Fanya kitu hichohicho Frisco Fields kwa matajiri weupe uone, hujageuka vizuri ving'ora vishakuzunguka. Kuna maduka ukiingia tu, hujagusa kitu, hujatoa hata bastola, mwenye duka anakutaka utoke na usipotoka anaita polisi, kisa rangi yako. Siku ya kwanza niliweka pedi ya kuchezea chini kabisa, nikabaki namuangalia yule mzee wa kaunta. Gemu inakufundisha ubaguzi kwa kukufanya uchague njia ya kupita, na mtu anaandika ukurasa mzima wa uchambuzi hilo halioni, anaona misheni zinafanana tu!

Wengine eti "hii siyo Mafia". Vito, yule uliyemchezesha kwenye Mafia II, yumo humo ndani kama msaidizi wako, sa mnataka nini tena.

Tahadhari moja: bagi, yaani hitilafu za gemu, zilikuwepo nyingi ilipotoka, na CD ya zamani inakuja na gemu kama ilivyokuwa siku hiyo. Apdeti ndo zilirekebisha, zikaongeza na mambo ya kubadilisha nguo, kupamba magari na mashindano ya magari. Kwahiyo tenga bando la usiku au nenda kwa mwenye waifai, ukicheza bila apdeti utakutana na gemu ileile aliyoichukia mchambuzi.

Namba mbili, Watch Dogs 2, nayo ya mwaka 2016. Hii ililipa dhambi za kaka yake, ile ya kwanza ya 2014 kule Chicago iliwavunja watu moyo, basi wakasusa na mdogo wake. Wakati hii ya San Francisco imechangamka, Marcus unayemchezesha ni mcheshi, na misheni kibao unazimaliza umekaa nje unatuma kigari kidogo cha rimoti kikuibie data. Ukiwa na wadogo zako ndani anza na hii.

Tatu, The Last of Us Part II. Ilitoka tarehe 19 Juni 2020, na ndani ya masaa machache watu wakajaa Metacritic, tovuti ya alama za gemu, kuipa sifuri, gemu ya masaa zaidi ya ishirini! Mwezi uliofuata Metacritic wakaweka sheria usubiri masaa 36 gemu ikitoka ndo uruhusiwe kutoa alama. Naiweka ya tatu kwasababu lazima uwe umecheza ya kwanza, na ni nzito, siyo ya kucheza watoto wakiwa sebuleni.

Red Dead Redemption 2 ni bonge la gemu, nimeishusha ya nne kwa sababu ya nafasi inayokula kwenye mashine tu, inakula kama GB 100 na PS4 nyingi za mtumba ni za GB 500.

Hizi mbili za mwisho zina CD mbili kila moja, ya kuinstoli na ya kuchezea. Fungua kava hapohapo uhesabu. Alafu toka nayo nje, jua la Dodoma ni la bure, igeuze taratibu uone mikwaruzo, kisha muuzaji aiweke kwenye mashine uione inafunguka. CD ya PS5 haiingiliani na PS4, usidanganywe.

Dogo wa Jamatini, yangu nikiimaliza nakuuzia elfu 15. Ile ya magari usije nayo, sibadilishani.