Mwani Unaosumbua Katika Tangi la Maji ya Chumvi: Mnyama wa Kununua Kwanza na wa Kununua Mwisho

Mtu akiona nyuzi za kijani zimefunika mawe ya tangi lake, hukimbilia dukani kuuliza samaki anayekula mwani, naye muuzaji humwonyesha kangaja wa rangi ya kupendeza kwa bei isiyo ndogo. Kwa matangi mengi ya nyumbani, huyo ndiye mnyama wa mwisho kununuliwa, na ndiyo sababu mwongozo huu unaanza na konokono na kumalizia na samaki.

Kabla ya kutoa pesa, utambue mwani wenyewe. Vumbi la kahawia linalotanda kwenye mchanga wa tangi jipya ni diatomu, yaani mwani mdogo mno wa seli moja, nalo kwa kawaida hupungua lenyewe baada ya wiki chache. Utando mwekundu au wa zambarau unaobanduka kama ngozi ni bakteria, na karibu hakuna mnyama wa dukani anayeula. Ute wa kahawia wenye mapovu na nyuzi, unaopungua usiku na kurudi taa zikiwaka, huenda ukawa dinoflagelata, viumbe vidogo mno vya seli moja, ambavyo baadhi yake vina sumu inayoua konokono. Katika hali hizi tatu usinunue mnyama yeyote. Wanyama wanaozungumziwa hapa ni kwa ajili ya utando wa kijani kwenye kioo, nyuzi fupi za mawe, na vile vipovu vya kijani vinavyoitwa Valonia. Ieleweke pia kwamba mnyama akila mwani hutoa kinyesi, kwa hiyo naitreti na fosfeti, virutubishi vinavyoukuza mwani, zinazotokana na chakula kingi au maji ya bomba hubaki ndani ya maji mpaka uyabadilishe.

Nafasi ya kwanza nampa konokono wa jamii ya Trochus, mwenye kombe la umbo la pia. Anakula utando na nyuzi fupi, hasumbui matumbawe, na wakati mwingine huzaana humo humo tangini. Lakini sifa inayomweka juu ya wenzake ni kwamba akianguka chali anaweza kujigeuza. Konokono wa Astraea, anayeuzwa kwa bei ya chini, mara nyingi hawezi. Hubaki mguu juu kwenye mchanga, na kufikia asubuhi kaa wameshamla, hivyo unafuu ule wa bei unakuwa hasara. Ukitaka kuona kazi ya Trochus, zima taa za tangi, subiri saa moja, kisha mulika kioo kwa tochi kutoka pembeni: utaona mdomo wake ukifunguka na kufumba, na nyuma yake njia nyembamba ya alama za kupindapinda, mahali ulimi wake wenye meno ulipokwangua. Mimi huzitazama alama hizo kila wiki, kwa kuwa hunionyesha upande gani wa kioo umeshughulikiwa na upande gani haujafikiwa.

Kwa tangi la lita 100, anza na konokono watano au sita, usubiri mwezi mmoja ndipo uongeze. Dukani, chagua aliyeshika kioo, si aliyelala chini, na umguse kidogo: aliye mzima hujibana kwa nguvu. Uliza kama tangi hilo limewahi kutiwa dawa ya shaba, maana shaba huua konokono, kaa na wenzao wasio na uti wa mgongo. Ukifika nyumbani usimtumbukize moja kwa moja. Dondosha maji ya tangi lako kwenye chombo chake taratibu kwa saa moja au zaidi, kwani mabadiliko ya ghafla ya chumvi humuua konokono upesi kuliko njaa.

Nyuzi zilizokwisha kurefuka, konokono wengi hawazigusi. Zing'oe kwanza kwa mkono, kisha uwaachie mabaki.

Nafasi ya pili ni ya nungu wa baharini (kwa Kiingereza sea urchin), yule wa duara mwenye miiba, ambaye kila aliyekanyaga mwamba maji yakipwa anamjua kwa maumivu. Nguvu yake ilionekana wazi mwaka 1983, ugonjwa ulipowaua karibu wote wa jamii ya Diadema katika bahari ya Karibi, na miamba ya Jamaika, ambayo samaki wake walishavuliwa mno, ikafunikwa na mwani. Kwa tangi dogo usichukue Diadema wa miiba mirefu. Chukua Mespilia globulus, mdogo mwenye mistari ya bluu. Kasoro yake ni kwamba hujibebesha vitu mgongoni, kwa hiyo vipande vya matumbawe visivyogundishwa vitahama.

Samaki mdogo Salarias fasciatus, anayepatikana hata katika miamba yetu ya Afrika Mashariki, anafaa kwa tangi lililokomaa lenye mawe mengi. Mtazame tumbo: likiwa limebonyea, mwache. Kwa Valonia, kaa wa kijani Mithraculus sculptus ndiye wa kujaribu, ila akikua anaweza kukamata samaki wadogo.

Dolabella, konokono mkubwa asiye na kombe la nje, anafyeka nyuzi kuliko wote, nami simshauri mtu mwenye tangi moja amnunue. Niliuziwa mmoja bila kuelezwa kitu. Mawe yalisafika ndani ya siku tisa, kisha akaanza kusinyaa mbele ya macho yangu, kwa sababu hapakuwa na mwani tena. Azimaneni na jirani mwenye tangi, ahamishwe kazi inapokwisha.

Mwisho ni tafi, ambaye wengine humwita tasi, na kangaja. Mkulima wa mwani wa Paje, Zanzibar, hahitaji kuambiwa jinsi tafi anavyokula, maana anamwona akikata mwani kwenye kamba zake. Hata hivyo, samaki hawa ni waogeleaji. Singewaweka katika tangi lisilofikia lita 400. Miiba ya tafi ina sumu, na kangaja ana wembe kwenye shina la mkia, kwa hiyo mtoe kwa chombo, si kwa mkono. Mpitishe kwanza katika tangi la karantini, kwani kangaja hushikwa haraka na ugonjwa wa madoa meupe.

Yeyote utakayemchagua, nunua siku hiyo hiyo pakiti ya mwani mkavu usiotiwa viungo na kibanio cha kuushikiza kwenye kioo, kwa ajili ya siku ambayo mawe yatakuwa safi naye bado ana njaa.