Bastola ya kwanza kwa sisi tulio Marekani: ipi ununue, ipi uiache kwanza

Naandikia watu wetu walioko huku Marekani, maanake hili swali la bastola linakuja kila tukikutana, kwenye harambee, nje ya kanisa, kwenye gari tukitoka shifti ya usiku, na majibu mengi yanayotolewa ni ya kubahatisha, mtu anaambiwa "chukua Glock tu" ama "mnunulie mkeo kale kadogo ka mkoba" na mazungumzo yanaishia hapo. Sasa mimi nitazipanga kuanzia ile ningemwambia ndugu yangu wa damu anunue hadi ile ningemwambia aiache dukani, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: bastola ya kwanza iwe 9mm (huo ni upana wa risasi yake) ya saizi ya kati, ambayo unaweza kupiga nayo risasi nyingi renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha, bila mkono kuuma, na pesa itakayobaki iende kwa sefu, mafunzo na risasi. Usikimbilie bastola ya pili.

Lakini kwanza makaratasi, hapo ndipo watu wetu wanaumia sana. Kama uko hapa kwa viza ya muda, iwe ya mwanafunzi, ya kutembea ama ya kazi kama H-1B, sheria ya serikali kuu kwa kawaida haikuruhusu kumiliki bunduki wala kuikodisha renji, kuna mianya michache kama leseni ya uwindaji lakini usiingie huko bila wakili. Mwenye grinikadi anaruhusiwa, raia pia, na kwa dila mwenye leseni lazima uwe umefikisha miaka 21 ndiyo akuuzie bastola. Utajaza fomu ya 4473, jina lako lipitishwe kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI unaoitwa NICS ambao upo tangu 1998, na kudanganya kwenye hiyo fomu ni kosa la jinai hata kama bunduki hukupewa. Fomu inauliza kuhusu bangi hata kama jimbo lako limeihalalisha. Ukiwa umewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mke ama mume, hata kosa lenyewe likihesabiwa dogo, mlango umefungwa. Na tafadhali usimnunulie binamu ambaye karatasi zake hazijakaa sawa, ati pesa ni yake wewe unamsaidia tu kusaini, hiyo tangu 2022 ina kifungu chake kwenye sheria ya nchi na kifungo kinafika miaka 15, halafu kwa asiye raia hatia ya bunduki inaweza kukufukuzisha nchini kabisa, wewe na ndoto zako zote za kuleta familia.

Majimbo nayo kila moja lina mambo yake. Texas unaingia dukani na kitambulisho unatoka na bastola siku hiyo hiyo ukaguzi ukipita, Minnesota unaanzia kwa polisi ama sherifu upewe kibali cha kununua, New Jersey kila bastola inataka kibali chake, Illinois lazima uwe na kadi ya mmiliki wa bunduki inayoitwa FOID, na California na New York magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mshiko) haizidi risasi 10. Uliza jimbo lako kabla hujaipenda bastola yoyote.

Haya, tuje kwa kuchagua. Kitu cha kwanza ni mkono wako. Renji nyingi za ndani zinakodisha bastola kwa dola 15 ama 20 hivi, unanunua risasi zao unajaribu mbili tatu, na hiyo ndiyo pesa nzuri kuliko zote utakazotumia. Shika, kidole kifike kwa triga bila kuizungusha bastola kwenye kiganja, kisha jaribu kuvuta slaidi, kile chuma cha juu kinachoteleza, nyuma mpaka mwisho. Kama huwezi kuikoki vizuri dukani ukiwa umetulia, usitegemee utaweza saa nane usiku mikono ikitetemeka. Kitu cha pili ni risasi yenyewe, na hapa sina mjadala mrefu: 9mm. Inapatikana kila mahali, ni ya bei nafuu, hairushi mkono sana, na FBI wenyewe walioachana nayo wakaenda kwa risasi nene kidogo iitwayo .40 walirudi kwa 9mm na mwaka 2016 wakawapa Glock mkataba. Mtu akikwambia 9mm haitoshi na lazima uanze na .45 iliyo nene zaidi, mwache aendelee na stori zake.

Namba moja yangu ni Glock 19. Najua ndiyo kila mtu anaitaja na wengine wameichoka, lakini iko juu kwa sababu za kweli, ipo sokoni tangu 1988, inabeba risasi 15, haizidi gramu 700 ikiwa tupu, haina mambo mengi, spea na magazini na holsta (ala ya kubebea bastola) unazipata duka lolote hata mji mdogo, na ukitaka kuiuza kesho mnunuzi yupo. Bei inacheza dola 500 hadi 600. Kuna mambo mawili lazima uyajue. Haina kitufe cha usalama cha kidole gumba, usalama wake uko kwenye triga yenyewe na ndani, kwa hivyo nidhamu ya kidole ndiyo kila kitu. Na ili kuifungua kuisafisha lazima uvute triga, hapo ndipo watu hupiga ukuta ama mguu wao, unatoa magazini kwanza, HALAFU unavuta slaidi, halafu unaangalia chemba, mahali risasi inakaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na kuingiza kidole, kisha unarudia tena, ndiyo sasa uguse triga. Huo mpangilio usiugeuze hata siku moja, maanake ukivuta slaidi kabla ya kutoa magazini umeingiza risasi nyingine chembani.

Namba mbili ni Smith & Wesson M&P9 M2.0 Compact, ile ya mtutu wa inchi 4. Kwa kweli kama mkono wako unaikataa Glock hii inapanda namba moja bila shida yoyote. Inabeba 15 pia, inakuja na vipande vinne vya kubadilisha mgongo wa mshiko, kwa hivyo baba mwenye mikono mikubwa na mama mwenye mikono midogo wanaweza kuitumia moja, inashika vizuri hata mikono ikiwa na jasho, unaweza kuagiza yenye kitufe cha usalama ama isiyo nacho, na kuifungua haikulazimishi kuvuta triga. Mara nyingi utaipata chini ya bei ya Glock. Kwa nyumba yenye watu wawili watakaofunzwa pamoja mimi ningeenda na hii.

Tatu ni CZ P-10 C ya Wacheki. Wakenya mkisikia kwenye habari "polisi wamenasa bastola aina ya Ceska" basi ni jamii hiyo hiyo, kiwanda cha Uherský Brod ambacho kilitupa CZ 75 mwaka 1975. P-10 C ilitoka 2017, triga yake tamu kuliko hizo mbili za juu na bei iko poa, ila slaidi ni ngumu kidogo na magazini na holsta si rahisi kupata kama za Glock. Ukiwa unataka ya renji zaidi kuliko ya nyumba, CZ 75 B ya chuma inakaribia kilo moja na huo uzito unameza mruko wote, unapiga siku nzima unafurahi.

Nne, na hii naiweka kwa heshima ya wazazi wetu wanaokuja kukaa na sisi na walio na mikono yenye ugonjwa wa viungo, ni M&P Shield EZ. Slaidi yake imetengenezwa iwe laini kuvuta, magazini yake inajazwa bila kuumiza vidole. Risasi 8 tu lakini mtu anayeweza kuitumia na risasi 8 ni bora kuliko anayeshindwa kuikoki ile ya 15. Kuna ya risasi ndogo ya .380 ya 2018 na ya 9mm iliyofuata 2020. Ukinunua ya 9mm iliyotumika, peleka namba yake kwenye tovuti ya kampuni uone kama ni zile walizoita zirudi mwaka huo kwa sababu ya nyundo.

Tano ni rivolva ya inchi 4, kama Ruger GP100 ya .357. Risasi sita zinakaa kwenye silinda inayozunguka, haikwami kwa sababu ya magazini, ukitaka laini unaweka .38 Special ukitaka nguvu unaweka .357. Kwanini iko chini basi? Triga nzito ndefu inachukua muda kuizoea, kujaza tena ni polepole, na bei imepanda. Lakini anayeipenda asicheke mtu, ni chaguo la mtu mzima.

Bajeti ikiwa imebana kabisa, Taurus G3 ya Brazil unaipata kwa dola 250 hadi 300. Haiko sawa na za juu kwa umaliziaji, ila ukiipiga risasi 200 bila kukwama na ukaweka tofauti ya bei kwa sefu na darasa, umemshinda yule aliyenunua ya dola 1,000 akaifungia kabatini.

Na kuna moja siihesabu kwenye orodha lakini naipenda kuliko zote kwa kujifunza, Ruger Mark IV ya risasi ndogo ya .22. Risasi zake ni robo ya bei ya 9mm ama hata chini, haina kelele ya kutisha, haina mruko, unajifunza kulenga na kuvuta triga polepole bila kufumba macho kwa hofu. Kwa ulinzi si yake. Lakini ukiweza kumudu mbili, hii ndiyo mwalimu.

Za kuacha kwanza: vile vidogo vya mfukoni. Ruger LCR ya .38 ina gramu 380 hivi na risasi tano, na Sig P365 ni bastola nzuri sana kwa mtu aliyekwishajua, lakini bastola ikiwa nyepesi inaruka zaidi mkononi na mtutu mfupi hausamehi makosa ya kulenga. Wanaume wanawanunulia wake zao hivi wakidhani kidogo ni rahisi, mama anapiga mara tano mkono unauma anaogopa na hairudii tena. Sig P320 nayo, kuna kesi nyingi mahakamani za watu wanaosema ilifyatuka bila triga kuguswa, kampuni inakana, na kuna idara za polisi zimeiacha, mimi kwa bastola ya kwanza sioni haja ya kuingia kwenye huo mjadala wakati zipo nyingine.

SEFU. Hii ingekuwa namba moja kuliko bastola zote. Nyumba zetu hazikai tupu, kuna watoto, watoto wa shangazi, wageni wa wiki mbili waliokaa miezi sita, na mtoto anajua unapoficha vitu kuliko unavyodhani, juu ya kabati si mahali, chini ya godoro si mahali. Nunua sefu ndogo ya namba inayofungwa kwa bolti kwenye mbao, dola 150 hadi 300, na uwe mwangalifu na za alama ya kidole za bei rahisi, mwaka 2023 maelfu yaliitwa yarudishwe kwa sababu yalikuwa yanafunguka kwa kidole cha mtu yeyote. Pia tuongee ukweli, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchi hii ni watu kujiua. Kama kuna mtu ndani ya nyumba anapitia kipindi kizito, amepoteza kazi, ndoa inavunjika, kijana amejifungia chumbani hali chakula, basi ununuzi usubiri, na kama iko tayari itoke nje ya nyumba kwa muda, renji na maduka mengine huwa wanakubali kuhifadhi.

Halafu ukuta. Kwetu umezoea tofali na mawe, huku ukuta wa ndani ni mbao za plasta na hewa, risasi ya 9mm inapita chumba kimoja hadi kingine na kwa apatimenti inaenda kwa jirani. Kwa nyumba weka risasi za ncha yenye shimo zinazopanuka zikigonga, zinapunguza kupenya lakini hazizuii, hata hizo zinapita plasta. Kwa hivyo panga mapema watoto wanalala upande gani na wewe utasimama wapi, na kando ya sefu iwepo tochi kali, maanake kivuli kwenye korido saa tisa usiku kinaweza kuwa kijana wako ametoka kazini amesahau kukwambia. Mpango wangu wa kwanza ni kufunga mlango wa chumba na familia ndani na kupiga 911, bastola inabaki kuelekea mlango. Hatutembei nyumba nzima kutafuta mtu.

Bajeti ya mwaka wa kwanza basi, bastola 500, sefu 200, darasa la siku moja 100 hadi 200, kinga ya masikio na miwani 50, na risasi 1,000 za mazoezi ambazo kwa senti 25 kila moja ni dola 250. Kinga ya masikio usiifanyie mzaha, mlio wa 9mm unazidi desibeli 150 na ndani ya renji unavaa mbili, za kuziba na za kufunika. Ukitoka renji nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni, badilisha shati kabla hujambeba mtoto, kuna vumbi la risasi la madini ya ledi.

Na begi la renji libaki begi la renji. Usilitumie kusafiri. Risasi moja iliyosahaulika kwenye mfuko wa pembeni inatosha kukushikisha JKIA ama Dar, Kenya bila leseni ya Firearms Licensing Board hiyo ni kesi, na Tanzania wana sheria yao ya 2015 isiyobembeleza mtu, na kueleza ati nilitoka Houston nikasahau hakutakutoa kizuizini usiku huo.