Kitanda cha mkongo, fundi wa Chikongola na chumba changu cha kwanza

Nianze na bei, maana najua ndiyo iliyowaleta hapa: kitanda cha tano kwa sita, mbao ya mkongo, kimepigwa msasa na vanishi, cha kufungua na kufunga, shilingi 380,000 kwa fundi wa Chikongola, hapa Mtwara mjini. Nusu nilitoa siku ya kuagiza, nusu siku ya kuchukua. Godoro halimo humo, usafiri haumo. Kilichelewa, na hilo nitalisema bila kumwonea haya, fundi mwenyewe anajua nina mdomo. Ningemrudia? Hata kesho asubuhi, ila si msimu wa korosho.

Mtu atauliza kwa nini niandike kurasa nzima kwa ajili ya kitanda. Kwa sababu nilikuwa sijawahi kuwa nacho. Kwetu Mikindani nililala na bibi mpaka namaliza chuo, na bibi alipotangulia mbele ya haki nikahamia chumba cha wadogo zangu wawili, mmoja anapiga mateke usingizini. Kaka alipooa akapewa chumba cha uani, sisi tukazidi kusogeana. Mimi nafanya kazi duka la dawa upande wa hospitali ya Ligula. Zamu ya jioni ikiisha usiku, daladala za Mikindani ni za kubahatisha, na bodaboda anakupangia nauli kwa kukutazama usoni. Nilipoketi na kalamu nikakuta nauli ya mwezi inakaribia nusu ya kodi ya chumba mjini.

Mama hakupenda. Alisema mtoto wa kike huondoka kwao kwa vigelegele, si kwa kirikuu cha kubebea mizigo. Baba alinyamaza, na kwetu mambo ya namna hii hayaishi mpaka mjomba asikike. Mjomba akaja Jumapili, akala, akanawa, akamwambia mama, "Mwache mtoto aende, Mtwara mjini si Kongo." Kisha akanigeukia mimi: "Ila kitanda cha chuma usinunue. Chumvi ya hapa inakula mpaka nanga."

Yeye ni mtu wa bahari, anajua anachosema. Nilizunguka madukani nikaona mwenyewe. Vitanda vya chuma ni rahisi na vinapendeza kwa mbali, lakini angalia pale paipu zilipochomelewa: rangi imevimba, ukiikwangua kwa ukucha unakutana na kutu, na hapo bado kipo dukani. Vile vya MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, vinavyoshushwa kutoka Dar vina kioo kichwani na taa za buluu, shoga yangu mmoja anavisifia kila siku. Nilipapasa chini ya droo ya kimoja nikakuta ubao umeshanyonya unyevu na kufura. Paini ya Mafinga ipo, nyepesi, bei ya chini, na kama mfuko hauruhusu zaidi sikucheki, ila hakikisha imetiwa dawa, maana wadudu wanaipenda. Mninga nao nilitajiwa 550,000. Nikashukuru, nikatoka.

Mkongo ukawa katikati. Ni mbao nzito, ngumu, na ikishakauka vizuri haichezi sana, ndiyo maana wengi huku wanaupendelea kwa milango na fremu. Mti wenyewe mnaujua hata kama jina hamlijui: ule wenye mbegu nyeusi zilizovaa kofia nyekundu, watoto wanaziokota na kutunga shanga. Unatoka misitu ya bara yetu, Nachingwea, Liwale na kule Tunduru. Kwa hiyo nilimuuliza fundi kama mbao zake zina hati ya kusafirishia ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Hakukasirika. Alifuta mikono, akafungua droo, akanitolea karatasi. Ulizeni jamani. Mbao isiyo na hati ikikamatwa, malipo yako ya awali yanakwenda nayo, na hakuna wa kukurudishia.

Sasa kilichonifanya nimpe kazi yeye na si jirani yake mwenye karakana kubwa zaidi. Nilipoingia, "Shikamoo fundi," "Marahaba dada," nikajua ataniuliza rangi na mtindo wa kichwani, kama walivyouliza wote. Yeye akauliza, "Chumba ni chenu au cha kupanga?"

Cha kupanga.

"Mlango wa chumba una upana gani?"

Nikamwambia mlango ni wa kawaida. Akatikisa kichwa. "Hakuna mlango wa kawaida kwenye nyumba za kupanga, dada. Kapime mlango, kapime na koridoo pale inapokata kona. Halafu njoo tuzungumze."

Mlango ulikuwa na sentimita 75 na koridoo inakata kona kali mbele ya choo. Mwenzangu wa chumba cha pili alinionyesha alama kwenye kuta zote mbili za kona hiyo: kitanda chake cha dukani kilikataa kupita, ikabidi kitoke tena nje na kuingizwa dirishani baada ya nondo mbili kukatwa. Nondo hizo mwenye nyumba alimlipisha.

Fundi alinieleza kazi yake akiwa amesimama na randa mkononi. Mpangaji ni mtu wa kuhama. Kitanda kilichogongwa misumari, kila unapohama kinang'olewa na kugongwa tena, matundu yanapanuka, mwishowe miguu inalegea na usiku kinalia. Kwa hiyo yeye mbao za ubavuni anazichonga ulimi unaoingia kwenye tundu la mguu, kisha kila kona inakazwa kwa bolti mbili, na nati imezamishwa ndani ya mbao isikukwaruze mguu. Unahitaji spana namba 13 tu. Chaga amezipanga kwa nafasi ya vidole vinne, kwa sababu godoro la povu likikuta nafasi pana linadidimia mle na kupata mabonde. Na katikati, chini ya chaga, pana mbao ndefu yenye mguu wake wa tano. Huo mguu wa tano mafundi wengi wanauruka kwa sababu hauonekani. Inama uuangalie kabla hujalipa.

Siku nyingine nilipita wakiwa wanapasua mkongo. Vumbi lake linawasha pua vibaya, vijana wamejifunga vitambaa usoni, mimi niko nje ng'ambo ya barabara napiga chafya. Fundi peke yake hana kitambaa. Anasema ameshazoea. Sikumsifu, na kama mtu wa duka la dawa nilimwambia hivyo.

Tuje kwenye kuchelewa. Niliagiza mwishoni mwa mwezi wa tisa, akaniahidi wiki mbili. Watu wa kusini mmeshacheka. Mwezi wa kumi minada ya korosho ikafunguliwa, malipo ya wakulima yakaanza kuingia, na fedha ikateremka mjini: huyu anataka bati, yule milango, yule kitanda cha kumwozea binti. Nilipokwenda kuangalia nikakuta mbao zangu zimeegeshwa ukutani kama watu wanaosubiri daktari, na mezani imelala milango ya mzee mmoja wa Tandahimba. "Kesho dada." Kesho ikawa umeme umekatika. Kesho nyingine vanishi imeisha. Kesho nyingine fundi mwenyewe ameenda msibani Newala, na kwenye msiba unamlaumu vipi mtu?

Tatizo ni kwamba mimi nilikuwa nimeshahamia. Kodi ya miezi sita nilitoa kwa mkupuo, 80,000 kwa mwezi, dalali akala ya mwezi mmoja juu yake, na sikuwa tayari kulipia chumba cha kulala panya. Nikalala kwenye mkeka na godoro nililoazimwa na wifi. Mama akaja kukagua. Alitazama mkeka, akatazama dari, akatazama ndoo zangu mbili zilizopangwa pembeni, hakusema kitu. Bora angesema. Badala yake akatoa kwenye kikapu jiko la mkaa, kinu kidogo na ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa kwa chumvi, akaanza kuniuliza kama majirani wanasalimia.

Jiko la mkaa sikulihitaji, nilikuwa na mtungi mdogo wa gesi, na tukabishana hapohapo. Mama anaamini gesi ya mtungi inachimbwa Mnazi Bay, ya kwetu kabisa, kwa hiyo ilipaswa kuwa bure au karibu na bure. Nikamweleza kwamba ya Mnazi Bay inapita kwenye bomba na kuendesha mitambo ya umeme, hii ya mtungi ni nyingine, inaletwa na meli kutoka nje. Akasema kumbe ndiyo maana ina harufu. Jiko la mkaa likabaki. Ningesema uongo nikisema silitumii, maharage kwa gesi ni kuchoma hela.

Baada ya mama kuondoka nilikwenda Chikongola nikiwa nimepania. Sikupiga kelele. Nilivuta benchi nikakaa mbele ya karakana, nikatoa chakula changu cha mchana nikala pale, wateja wakiingia nawasalimia na kuwaambia nasubiri kitanda changu cha mwezi wa tisa. Milango ya Tandahimba ikashushwa mezani mchana uleule. Kwa ucheleweshaji nikadai fidia, na fundi hakubisha: alinitengenezea kigoda kwa vipande vya mkongo vilivyobaki, kigumu hasa, ndicho ninachokalia nikipika. Kwa hiyo nasema ni mtu wa haki, lakini haki yake inahitaji kukaliwa benchi.

Kirikuu kutoka Chikongola hadi kwangu Magomeni ilikuwa 15,000 pamoja na kushusha. Kitanda kilikuja kikiwa vipande: miguu na vichwa viwili, mbavu mbili, ule mhimili wa katikati, na furushi la chaga limefungwa kamba. Kikapita kona ya koridoo bila kugusa ukuta, wapangaji wamesimama milangoni wanatazama. Kijana wa fundi alikifunga akiwa anapiga mluzi, nikafuatilia kila bolti, akaniachia spana. Mwenzangu wa chumba cha pili akaomba namba ya fundi kabla kijana hajatoka.

Kasoro. Vanishi ilikuwa haijakauka sawasawa, na fundi alijua. Mvua zilikuwa zimeshaanza, hewa nzito, na yeye alikuwa na haraka ya kuniondoa pale benchini. Usiku wa kwanza nilisukuma mto mpaka kichwani, asubuhi foronya imeganda kwenye mbao. Nilipoibandua ikaacha alama ya maua yake, petali kwa petali, na alama hiyo ipo mpaka leo upande wa kushoto. Anasema nimletee kichwa cha kitanda akipige upya bure, na kwa kuwa kinafunguka naweza, ila msimu uishe kwanza. Harufu ilinikaa kwa muda, nililala madirisha wazi na chandarua kimechomekwa kila upande. Halafu kona ya miguuni ilianza kulia kidogo baada ya wiki chache. Nikaikaza kwa spana, ikanyamaza. Hiyo siiti kasoro, mbao inajikalisha.

Uzito nao uutafakari. Mkongo hausogezwi na mtu mmoja. Kufagia uvunguni napiga magoti na kusukuma ufagio kwa mkono mrefu, na peni yangu iliyoangukia nyuma ya kichwa cha kitanda nimeshaifutia hesabu.

Godoro nilinunua mjini, la inchi nane, kwa bei ambayo sitaitaja kwa sababu mama anasoma hapa. Niseme tu kwamba nililipima dukani kwa kulilalia na viatu mkononi, muuzaji akinitazama, na nawashauri mfanye hivyohivyo. Kubonyeza kwa kidole hakukuambii kitu.

Wadogo zangu walikuja kulala mwisho wa juma. Watatu kwenye tano kwa sita, yule wa mateke katikati, na kitanda hakikutoa hata sauti. Mjomba naye alipita akitokea bandarini, akainama chini ya uvungu akagonga ule mguu wa tano kwa kidole, akauliza bei. Nilipomwambia akasema nimepunjwa elfu thelathini. Kisha akaomba nimpeleke kwa fundi, anataka mlango.

Karakana inafunguliwa asubuhi mapema, Ijumaa inafungwa adhuhuri mpaka watu watoke msikitini. Kazi ya kuagiza ipelekeni kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa nane, kabla mikorosho haijaanza kuangusha. Mimi kabati langu namwagiza mwezi wa tano, la milango miwili, na vipimo vya koridoo nimeshampa.